Rosebella Namalwa, Mfugaji wa Kamba wa Chumvi, Anapumzika

Tarehe 30 Juni 1979, Bi. Rosebella Namalwa anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika jumba letu la samaki wa mapambo hapa Eldoret. Wengi wetu tulimkuta kazini, na karibu kila samaki aliye ndani ya matangi haya leo alipata chakula chake cha kwanza kutoka mkononi mwake.

Alikuja kutoka Kimilili mwaka wa 1957, akaajiriwa kufua na kupiga pasi kwa mzungu mwenye shamba. Mzungu huyo aliwapenda samaki kuliko ng'ombe wake, na aliyauzia samaki mahoteli ya Nairobi na Kisumu. Mhudumu wa matangi alipoacha kazi, Bi. Rosebella aliombwa ashike nafasi hiyo kwa muda. Muda huo ndio unaisha wiki hii.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuangua kamba wadogo wa maji ya chumvi. Mayai yao ni makavu, madogo kama vumbi la kahawia, na siku hizo yalikuja kwa mikebe kutoka ng'ambo. Ukiyatia kwenye maji ya chumvi yenye joto na kuyapulizia hewa, kesho yake utaona vijidudu vya rangi ya machungwa vikikimbilia mwangaza. Hicho ndicho chakula cha vifaranga vya samaki, maana wengi wao hawagusi kitu kisichotembea.

Mwaka wa 1965 mzungu aliuza shamba akarudi kwao. Walionunua walikuwa chama cha wakulima, wengi wao kutoka Nyeri na Murang'a, chini ya mwenyekiti wao Mzee Ephantus Kiarie. Katika mkutano wa kwanza wanachama walitaka matangi yavunjwe ili jumba liwe ghala la mahindi.

"Samaki asiyeliwa ni wa nini?" Mzee Kiarie aliuliza mbele ya wote.

Bi. Rosebella alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. "Mzee," akasema, "hata maua ya kanisani hayaliwi, na kila Jumapili mnayaleta."

Watu walicheka, na mzee naye akacheka. Wakakubaliana hivi: kama wateja watakuwa bado wapo wakati wa mavuno, matangi yatabaki.

Shida ikaanzia hapo. Muuzaji wa mayai kule ng'ambo alimjua mzungu peke yake, na mikebe ikaacha kuja. Bi. Rosebella akajaribu kulisha vifaranga kwa kiini cha yai la kuku. Maji yakachacha, na vifaranga vilivyokuwa vikisubiriwa na hoteli moja ya Kisumu vikafa, tangi zima. Waliokuwapo wanasema aliketi sakafuni akalia, kisha akainuka akaosha lile tangi. Ulibaki mkebe mmoja tu. Akaamua kwamba kamba wa mkebe huo hawataliwa wote. Wengine angewakuza mpaka wakomae, watage mayai hapa hapa Eldoret.

Jambo hilo hakuna aliyewahi kulifanya hapa, hata mzungu mwenyewe. Kundi la kwanza liliuawa na baridi ya Julai. Ndipo alipomwendea Muthoni, mke wa Mzee Kiarie, aliyekuwa na duka la kuoka mikate mjini. Walikuwa wakiimba kwaya pamoja.

"Nipe nafasi kidogo nyuma ya tanuri."

"Ya kuweka nini?"

"Ya kuweka kazi yangu, isife. Na Mzee asijue kwanza."

Muthoni akampa rafu yenye joto, akamwongezea na hamira, kwa sababu hamira kidogo iliyokorogwa majini ndiyo chakula cha kamba. Chupa zikapangwa hapo. Mwalimu Kiptoo aliingia siku moja kununua skonzi, akaomba auziwe gilasi moja ya ile juisi ya machungwa. Mpaka leo tukimkumbusha hutoka nje.

Hatimaye Mzee Kiarie mwenyewe aliziona. "Muthoni, ni nini hii inacheza ndani ya chupa?"

"Ni shamba la Rosebella. Wewe ulipata lako, mwache na yeye apate lake."

Mzee aliinama akawatazama wale kamba wakiogelea chali mpaka chai yake ikapoa. Hakukasirika. Ila kuanzia siku hiyo alipitia dukani kila asubuhi kuuliza kama wametaga.

Na wakataga. Bi. Rosebella aliwahamishia kwenye karai, akayaacha maji yapungue, chumvi ikazidi kukolea, na pembeni mwa karai pakatokea mstari wa vumbi la kahawia. Akalikausha juani, akatia kidogo kwenye gilasi ya maji mapya ya chumvi. Kabla ya mavuno alibeba gilasi hiyo mpaka mkutanoni, akaiweka mezani karibu na dirisha. Wanachama wakasimama kuchungulia, vijidudu vimejaa upande wa jua. Mzee Kiarie ndiye aliyesema, "Mahindi tutayajengea ghala lingine."

Tangu hapo hatujaagiza mkebe hata mmoja. Samaki wetu wamefika mpaka Kampala. Bi. Rosebella alipanda kuwa mkuu wa jumba, akamfunza kazi Priscah Chepngetich, ambaye sasa anachukua nafasi yake. Bi. Rosebella ni mpole, lakini usiguse maji yake na mkono wenye sabuni. Mwenyekiti mwenyewe alirudishwa bombani mara mbili siku aliyoleta wageni.

Wiki jana, kwenye chai ya kumuaga, tulimuuliza atafanya nini akifika shambani kwake Turbo. Tulitarajia hotuba. Akaweka kikombe chini akasema, "Vifaranga vinataka kula kabla jua halijatoka. Nataka kulala mpaka jua linichome uso."

Asante, Mama Rosebella. Lala. Wa kulisha tupo, na tunakuombea afya, mvua njema na amani nyumbani kwako.

Johnstone Wanyoike,
kwa niaba ya wafanyakazi wote