Ujumbe Niliomficha Mwanangu

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na wenzetu wa kanisani, amani iwe nanyi. Onga mshi wote, kama tunavyoamkiana Kisambaa. Mimi si msemaji. Wanaokaa karibu nami wanajua kwamba katika kikundi hiki cha wajane huu ni mwaka wangu wa pili, na sijafungua mdomo zaidi ya kuitikia dua. Leo mwenyekiti amenitazama, nami nimesimama. Nitakayosema hayanipendezi hata mimi. Kama mlikuwa mnanionea huruma kwa kufiwa, iwekeni kando kidogo hadi nimalize.

Marehemu mume wangu alikuwa kibarua wa msituni kule Magamba. Mwaka mmoja walikuja wataalamu wa kupima msitu, wana kindege kidogo kisicho na rubani, naye akawa anawabebea mizigo. Alirudi nyumbani, Malindi yetu hii ya Lushoto, akasimulia hata ugali ukapoa. Kinaruka chenyewe, kinapiga picha, kinarudi kutua palepale kilipoondokea. Mimi nilisema lazima ni uchawi. Binti yetu, mtoto pekee tuliyejaliwa, wakati huo yuko kidato cha pili, akauliza, "Baba, nani alikiambia njia?"

Baba yake hakujua. Kesho yake akawauliza wenyewe, akarudi na jibu kwamba kuna mtu hukaa kwenye kompyuta akakiandikia maelekezo yote kabla hakijaruka. Yakawa ndiyo mazungumzo ya nyumba yetu. Baba na mwana wanaongea ndege, mimi nachambua mboga.

Binti alipomaliza kidato cha sita, mchepuo wa fizikia na hisabati, wakakaa wawili na orodha ya vyuo. Aliisoma kwa siku nyingi. Namkumbuka akilalamika, "Baba, wanaosoma kompyuta tupu hawafundishwi upepo. Wanaosoma ndege tupu wanafundishwa kuitengeneza ikiharibika. Mimi nataka vyote viwili."

"Basi tafuta chuo chenye vyote viwili, usinichoshe," baba yake akasema, anacheka.

Akakipata kimoja, Dar es Salaam. Uhandisi wa ndege, na ndani yake wanafundishwa kuandika programu za kompyuta zinazoongoza ndege. Akakiweka cha kwanza. Cha pili, kwa tahadhari, akaweka ualimu wa hisabati kwenye chuo cha hapahapa kwetu, unakwenda asubuhi na jioni umerudi. Kwa kuwa hakuwa na laini yake, akaandikisha namba ya simu ya baba yake.

Hazikupita wiki tatu, mume wangu akaanguka shambani. Presha. Siku mbili hospitali, ya tatu tukamzika.

Nikakaa eda. Wenzangu Wakristo, kwetu mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki bila haja ya lazima. Wifi yangu, dada wa marehemu, akahamia kwangu kunisimamia. Ni mtu mzuri lakini mdomo wake hauna mlango, na yeye mwenyewe akinisikia atakubali.

Simu ya marehemu nilisema imeharibika. Uongo. Niliificha kwenye debe la mbegu za maharage. Kila alasiri wifi akienda kuchota maji, niliiwasha dirishani na kusikiliza vipande vya sauti alivyowahi kujirekodi akiwatania wenzake wa msituni. Sikutaka mtu aishike. Hiyo peke yake ningeweza kuitetea.

Siku moja nimeiwasha, mtandao ukashika kidogo, ukaingia ujumbe. Nimeishia darasa la saba lakini kusoma najua. Ulisema mwombaji amechaguliwa vyuo viwili, atumie namba zifuatazo kuthibitisha chuo kimoja anachokitaka. Chini yake tarehe ya mwisho.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Nilielewa. Nilijua ataandika cha Dar es Salaam. Nikaiona nyumba, mimi na wifi, na kiti cha baba yake. Nikasema moyoni, nikikaa kimya, cha mbali kitajifuta na cha karibu kitabaki. Nikaizima simu, nikairudisha kwenye maharage.

Siku zikaenda. Binti alikuwa anashuka Lushoto mjini kwenye steshenari, anafungua kompyuta, anaona amechaguliwa kote, lakini namba hana. Anaomba zitumwe tena, anaambiwa zimetumwa. Akanijia, "Mama, hiyo simu haiwezi kutengenezeka hata kwa dakika tano? Au laini yake?"

"Laini ilivunjika pamoja nayo," nikasema. Nilisema hivyo nimekaa kwenye mkeka wa eda, mkononi nina tasbihi.

Siku ya mwisho akaondoka mapema na kitochi, simu ndogo ya shangazi yake. Kabla ya kutoka akachuchumaa mbele yangu. "Mama, niombee. Dirisha la udahili linafungwa leo saa kumi. Ni lazima nithibitishe. Nisipothibitisha, navikosa vyote viwili."

"Vyote viwili?" nikauliza.

"Vyote viwili. Nakaa nyumbani."

Mnadhani nilisimama pale pale? Sikusimama. Alitoka, nikamsikia akisalimia watu njiani, nami nikaendelea kuvuta tasbihi. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nayo muda wote? Saa nne ikapita, saa sita. Niliswali adhuhuri na sikumbuki nilichosoma. Nilikuwa nategemea watambadilishia namba ya simu huko huko mjini, aibu yangu isijulikane. Ndivyo nilivyokuwa, ndugu zangu. Nilikuwa tayari mtoto ajaribu bahati, ilimradi mimi nisionekane.

Kwenye saa nane na nusu wifi akaja na ungo wake, akakaa. Binti alikuwa amempigia jirani kutoka mjini, analia. Namba ya simu aliyoandikisha haibadiliki.

"Haya, Mungu kakusikia," wifi akasema, anapepeta. "Ulikuwa unalia usiachwe. Hukuachwa. Atakaa hapa na sisi tuoshe masufuria watatu. Akili yote ile, ataandikia masufuria njia."

Alikuwa anatania, maana ndivyo anavyolia yeye. Mimi nikaenda kwenye debe, nikatia mkono ndani ya maharage mpaka kiwiko, nikaitoa simu.

Wifi akaacha kupepeta. "Ile si imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Wifi, umefanya nini?"

Nikamwambia kwa maneno machache. Nikaiwasha dirishani. Mtandao hakuna. Nikainyoosha juu, hakuna. Kwetu ukitaka mtandao wa uhakika unapanda hadi penye mashine ya kusaga, na pale alasiri watu hawakosi. Wifi kusoma hajui, hakupelekwa shule. Angepanda yeye na simu, nani angemsomea namba?

Nikavaa kanga ya pili juu ya ile ya eda. Wifi akasimama mlangoni. "Utatoka? Watu watakusema mpaka utazeeka."

"Wana haki."

Akanitazama, nikadhani atanipiga. Kisha akachukua kanga yake, akanifunika mpaka usoni, akanishika mkono. "Twende. Wakisema, watuseme sote wawili. Lakini wifi, hili la simu nitakudai mimi mwenyewe, si watu."

Tulipanda bila kupumzika. Penye mashine mazungumzo yakakatika. Mzee mmoja akasema, "Huyu si yuko eda?" Wifi akamjibu, "Shikamoo mzee, tuna dharura, macho yako yapumzishe." Saa ya simu ilisema bado dakika ishirini na mbili.

Nikapiga kitochi cha wifi. Ninyi fikirini sasa. Kwenye kitochi kile namba ya marehemu imeandikwa "Kaka". Mtoto amekaa steshenari, simu inaita, anaona baba yake anapiga.

Ilipokelewa. Akasema, "Shikamoo," kwa sauti ya mtu asiyejua anamwamkia nani.

Badala ya marahaba nikasema, "Mwanangu, ni mimi. Simu ilikuwa kwangu. Ni nzima. Nilikuficha. Namba ninazo."

Nilisikia mteja nyuma yake anamuuliza kama anamaliza au ampishe mwingine. Nikasikia kiti kikivutwa.

"Soma, mama," akasema. "Moja moja."

Nikasoma. Ikakataa. Nikasoma tena. Ikakataa. "Mama, kuna ujumbe zaidi ya mmoja. Nilishaomba mara nyingi. Tafuta wa mwisho kabisa." Ulikuwa bado unaingia, mmoja baada ya mwingine, maana simu ilikaa siku nyingi imezimwa. Wifi kanishika bega, anarudia chini chini, "Ya Rabi, ya Rabi." Wa mwisho ukaingia. Nikausoma.

"Imekubali," akasema.

"Umethibitisha kipi?" nikauliza, kana kwamba nilikuwa na haki.

"Cha ndege na kompyuta." Akakata.

Alirudi jioni, akaniamkia, akapika. Hakunisemesha neno lingine siku tisa. Nilistahili. Siku ya kumi akaniomba sauti za baba yake, akazisikiliza zote, akanirudishia simu mkononi. Hapo ndipo tuliposameheana, kama tumesameheana. Yeye husema ndiyo. Mimi simuulizi sana.

Kuhusu kutoka nje nikiwa eda, nilikwenda kwa sheikh mwenyewe kabla sijaitwa. Akaniambia dharura ya mchana inaruhusiwa, nirudi nyumbani nikamalize siku zangu. Kisha akasema la kutoka si neno, la kuficha ndilo nimwombe Mungu anisamehe.

Namshukuru wifi yangu, huyo hapo, anajifanya anafunga ushungi. Namshukuru dada mwenye steshenari, aliyewasimamisha wateja wake wote wakati mwanangu anaandika. Nawashukuru ninyi, mlionipokea bila kuniuliza kitu.

Kama kuna mwenzangu hapa ambaye msiba umemwachia mtoto mmoja, sikuhukumu. Nakuomba tu usimfanye mtoto aje kukaa pale alipokuwa anakaa marehemu. Mimi nilijaribu, na kidogo nimpoteze yeye pia akiwa hai ndani ya nyumba yangu.

Wiki iliyopita amenipigia. Yuko mwaka wa pili, na anatakiwa kuchagua tena atakachobobea: injini, au kompyuta za ndani ya ndege. Akaniuliza, "Mama, unaonaje?" Ulimi wangu ulitaka kuuliza kipi kitamrudisha Lushoto upesi. Nikaufunga. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Nieleze vyote viwili."

Alinieleza nusu saa nzima. Sikuelewa hata robo. Sikumkatisha.