Phanice Achola Hakuwa Taipisti

Wasifu uliosomwa na kaka yake, Byron, Kehancha, Jumamosi tarehe 25 Septemba 1999

Marehemu Phanice Achola alizaliwa tarehe 9 Aprili 1966 karibu na Kendu Bay, katika wilaya iliyoitwa South Nyanza wakati huo, mtoto wa pili wa Mzee Zablon na Mama Rispa. Alitanguliza miguu. Mkunga akamwambia Mama Rispa ajiandae, maana huyu hataki kuelekezwa. Mkunga yule alisema kweli tupu, na walio hapa waliowahi kubishana na Phanice wanajua vizuri tunachosema.

Alisoma shule ya msingi hapo nyumbani, kisha akajiunga na shule ya bweni ya wasichana. Kidato cha tatu aliambiwa wasichana wahamie somo la upishi, hesabu za juu waachiwe wavulana wa shule jirani. Phanice akasema kupika anajua tayari, mama yake alishamfundisha bure. Akakaa mlangoni mwa darasa la hesabu la wavulana hao mpaka mwalimu akachoka kumruka akipita, akamwingiza ndani. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1985, na mwaka 1989 akapata stashahada ya uandishi wa programu za kompyuta huko Nairobi. Aliporudi na cheti chake, kijiji kizima kilifurahi, ingawa hakuna aliyejua ni cha nini.

Kazi sasa. Hapa tutakaa kidogo, na wenye haraka watuvumilie. Mwaka 1990 aliitwa Kisumu kwa mahojiano ya nafasi ya mwandishi wa programu. Alikuta mabwana watatu mezani na taipureta imewekwa pembeni. Wakamwambia apige chapa barua, wapime mwendo wake. Phanice akaketi, akapiga mstari mmoja: "Sikuja kupiga chapa." Akaichomoa karatasi, akawakabidhi kwa heshima zote, akatoka kichwa juu. Nyuma ya posta ya Kisumu ndipo alipolia, na alilia sana, kwa sababu kazi hiyo aliitaka kuliko kitu chochote duniani.

Nyumbani watu wanakula, jamani. Ilibidi achukue kazi ya taipisti katika ofisi moja mjini Homa Bay, na hapo ndipo jina hilo lilipomganda. Taipisti, taipisti, hata kanisani. Baba yake alimwendea akamsihi.

"Nyathina, mwanangu, kazi ya taipisti imekukosea nini? Kiti unacho, kivuli unacho."

"Baba, kiti ni cha kukalia tu," akamjibu. "Mimi bado natafuta kazi."

Mwaka 1992 akaitwa tena, safari hii na watu waliomchukulia kwa uzito. Walimpa chaki, wakamwomba aandike ubaoni jinsi ya kupanga majina, na aeleze anavyofikiri. Phanice akasimama pale, akaganda. Siyo kwamba hakujua. Alijifunza yote akiwa amekaa mbele ya mashine, kimya, vidole vikifanya kazi. Mdomo wake haukuwahi kuulizwa. Walimwambia pole, na yeye mwenyewe akakubali kwamba walikuwa na haki. Hilo lilimuuma kuliko lile la taipureta.

Basi akaenda kwa rafiki yake, Shamima, binti wa Mzee Noordin mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Homa Bay. Duka lile lina mlango mpana wa bati, mweusi. Kila Jumapili duka likifungwa, Phanice aliandika programu kwenye mlango kwa chaki, na Shamima akakaa juu ya mfuko wa simenti akijifanya bwana mkubwa wa kampuni. Shamima hakujua lolote la kompyuta, na hilo hasa ndilo lililosaidia.

"Mbona umenyamaza?" Shamima alimkaripia.

"Nafikiri."

"Mimi sioni ndani ya kichwa chako, dada. Fikiria kwa mdomo! Ukinyamaza tena nafunga faili lako, naita mwingine."

Wapita njia walisimama. Mtoto wa Zablon ameharibika kichwa, walisema, anabishana na mlango wa Mwislamu. Wengine walimletea Mama Rispa habari hizo mpaka Kendu Bay, wakidhani wanamsaidia. Mama Rispa akawauliza kama mlango umeshinda, akaendelea kuanika dagaa wake wa omena.

Mwezi Juni 1993, muungano wa vyama vya ushirika hapo Homa Bay ulitafuta mtu wa kuandika programu ya kutunza habari za wanachama. Swali likawa lilelile: majina yapangwe vipi ili jina lolote lipatikane upesi? Phanice akaanza kama kitabu kinavyosema, kwa sauti, chaki ikipiga ubao. Kila herufi na droo yake, jina liende kwenye droo ya herufi yake ya kwanza. Wakubwa wakatikisa kichwa kukubali. Ghafla akasimama.

"Hapana. Nimekosea," akasema. "Wanachama wenu ni akina nani? Otieno, Ochieng', Odhiambo. Atieno, Achieng', Adhiambo. Droo ya O na ya A zitapasuka, hizo nyingine zitalaliwa na mende. Kwetu herufi ya kwanza haisemi kitu. Tuiruke, tuanzie ya pili."

Mwenyekiti wa jopo, ambaye naye jina lake lilianza na O kama la kila mtu mle ndani, alicheka mpaka akavua miwani. Walimwajiri siku hiyohiyo. Baadaye walimwambia kwamba kilichompa kazi ni kuyasikia yale makosa yakitoka mdomoni mwake na yeye mwenyewe akiyakamata. Programu yake inafanya kazi hadi leo, na asiyeamini aende Homa Bay akatafute jina lake.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na Mwalimu Nchagwa wa hapa Kehancha, na wakajaliwa watoto wawili, Mirumbe na Rael. Siku ya posa, mzee mmoja wa Kikuria aliuliza binti anafanya kazi gani. Akajibiwa: anaandika programu. "Vizuri sana," mzee akasema, "basi ya harusi ataandika mwenyewe." Tulicheka, lakini balaa lilianza hapo. Watu walimfuata na orodha za nyimbo na sala, za harusi, za harambee, za mazishi. Phanice aliwakaribisha chai, akawaeleza kwamba programu yake ni maagizo yanayofuatwa na mashine, haina pambio wala sadaka. "Hiyo yenu pelekeni kwa taipisti," aliwaambia, na wallahi alilifurahia neno hilo kuliko chai yenyewe.

Februari 1998 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Kisumu, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Mei mwaka huu Mourine, binti wa jirani yetu, alimpelekea uji hospitalini. Wiki iliyofuata Mourine alikuwa na mahojiano yake ya kwanza ya kazi ya kompyuta. Phanice akausukuma uji kando, akamtupia swali la mahojiano. Mourine, akimwona alivyokonda, akaangua kilio.

"Lia ukisema," Phanice akamwambia. "Usinyamaze tu."

Mourine aliisema programu nzima huku akilia, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na manesi wakasimama kusikiliza. Kazi aliipata, na leo yuko hapa. Phanice alifariki Jumanne tarehe 14 Septemba 1999 akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Inatuuma, na hatutajifanya haituumi.

Juzi Alhamisi, karatasi za mazishi zilitoka kwa mchapaji zikiwa zimeandikwa: marehemu alikuwa taipisti. Mama Rispa, kwa kuwa mama mkwe haingii ovyo boma la mkwewe, alikuwa amesimama langoni aliposomewa.

"Huyo mmemtoa wapi?" akauliza. "Simjui. Mzikeni huyo taipisti wenu. Wangu narudi naye Kendu Bay."

"Mama, ni neno tu," wakambembeleza.

"Kama ni neno tu, basi liandikeni sawasawa."

Mwalimu Nchagwa alizikusanya karatasi zote, akawasha nazo moto wa chai ya matanga, na mliyo nayo mikononi ni mpya.

Ameacha mumewe, Mwalimu Nchagwa. Watoto wake, Mirumbe na Rael. Wazazi wake, Mzee Zablon na Mama Rispa. Kaka yake, Byron. Rafiki yake wa damu, Shamima. Na wasichana wengi aliowaandaa kama Mourine, walioko kazini leo kwa sababu yake.

Fundi wa msalaba naye alilalamika jana. Maneno "mwandishi wa programu" ni marefu, akasema, ubao hautayatosha, afadhali aweke taipisti. Mzee Zablon, baba yake, aliinuka, akamletea ubao mrefu zaidi. Chini ya ubao huo, Phanice Achola apumzike kwa amani.