Nani Alishona Lile Joho?

Kwenye treni ya jioni, mbele yangu, kinyozi kijana alikuwa anafuta machozi huku ameshika simu. Alikuwa amemaliza sehemu ya mwisho ya ile katuni ya zamani ya shujaa wa joho jekundu. "Kavua barakoa mbele ya mji mzima, mama, akawashukuru wote," alimwambia fundi cherehani aliyekaa naye, ambaye wala hakuwa ameuliza. "Mwisho mtamu sana!"

"Mtamu kwako," mama akajibu. "Mimi naijua tangu wanangu wadogo. Kila wiki joho linachanika, wiki inayofuata ni zima. Nani alishona?"

Kinyozi akacheka. "Si katuni tu, mama?"

"Mke wa huyo shujaa yupo, kila siku anachungulia dirishani. Mume kashukuru polisi, kashukuru mpaka mbwa. Mke je?"

Nikajifanya nasoma gazeti, ambalo nilikuwa nimeshalimaliza asubuhi.

"Labda watunzi walisahau," kinyozi akasema.

"Jana mume wangu kaagwa kazini, miaka thelathini ya zimamoto. Sare zake zilizoungua nimezitia viraka mimi. Kashika kipaza sauti, kashukuru mpaka mwosha magari. Na mimi nimekaa mstari wa mbele, na gauni jipya."

Treni ikasimama kituoni, mama akainuka kushuka. Kinyozi akainama kumbebea mama mfuko wake mzito wa vitambaa. Mama akamnyang'anya.

"Acha, mwanangu. Nimeubeba tangu sehemu ya kwanza."