Treni ya Upande wa Wifi

Treni yetu ya zamani ilikuwa inakohoa kuelekea hospitali kuu, na mshonaji aliyekaa mbele yangu alikuwa anamlalamikia seremala mmoja asiyemjua, mzee mwenye msumeno mapajani.

"Baba, mimi sina wivu," alianza, nami nikajua anao wa kutosha behewa zima. "Ila mama mkwe amelazwa. Zamani mimi na wifi tulikuwa tunafika tumechakaa sawasawa. Tangu upande wao uwekewe treni ya umeme, yeye anafika nywele zimetulia, supu bado ya moto kwenye hotpoti. Mimi nikifika, mgonjwa ameshashiba na ameshamsifu mwenzangu."

"Subira, mwanangu," seremala akasema. "Wanasema fedha zilitosha awamu ya kwanza tu. Sisi tumo awamu ya pili."

"Na kodi ya mafuta ya kujengea hiyo reli ya umeme, mbona hawakutukata kwa awamu? Tulianza kulipa wote siku moja."

Seremala akaugeuza msumeno mapajani, meno yasimwelekee mshonaji.

Karibu na stesheni ya hospitali, njia mbili zinapokutana, treni yetu ikasimama, kama kawaida yake, kuipisha ile mpya. Ikapita taratibu, kimya, madirisha yanang'aa. Ndani, mwanamke aliyepakata hotpoti, nywele zimetulia, akampungia mshonaji mkono. Mshonaji naye akampungia, akicheka hadi magego yakaonekana.

"Unamfahamu?" seremala akauliza.

"Hata simjui," akajibu, mkono wake ukiwa bado juu.