Mnyiri wa Nane wa Mzee Leftheris

Tarehe 31 Oktoba, Bwana Leftheris Kandarakis atavua aproni yake ya bluu baada ya miaka thelathini na minne ya kuunga vyombo vya Waminoa, watu wa kale wa Krete, katika karakana ya makumbusho yetu. Mkewe ameshatuuliza kama tunaweza kuendelea kukaa naye, walau asubuhi tu.

Alianza kwa kuosha vigae, akiwa na nywele nyingi. Nywele zimekwenda, vigae vimebaki. Mitungi, majagi, vikombe vyembamba vyenye maua meupe juu ya weusi, vyote vilipita mikononi mwake hadi akawa fundi mkuu. Subira anayo tele, ila si kwa anayeacha mlango wazi.

Fahari yake ni mtungi wa pweza. Ulifika vipande vipande, akaurudisha mzima, isipokuwa mnyiri mmoja, mkono wa nane wa pweza, ambao kigae chake hakikuonekana. Pengo akalijaza plasta tupu. Watoto wa shule wakambatiza pweza jina la Kilema, na mkurugenzi mmoja akamsihi auchore tu mnyiri wa nane yaishe. Leftheris alijibu kwamba hajawahi kuonana nao, hivyo hawezi kuuchora.

Mkosaji, kwake, alijulikana: Bi Rodanthi Perakaki, msimamizi wa uchimbaji, aliyeutoa mtungi huo ardhini kule mlimani. Leftheris alitangaza mbele ya watu, kwenye karamu na sahani ya konokono mkononi, kwamba Rodanthi amekitupa kigae pamoja na kifusi. Mama wa watu aliumia. Alirudi mlimani akachekecha kifusi chote upya, akaambulia vifungo vya shati la mchungaji. Tangu hapo akawa anaingia karakana na kahawa yake kwenye themosi. Kwetu, ambako kahawa ya Leftheris ni sehemu ya ajira, hilo lilikuwa tusi zito.

Sasa tufike kwenye mchanga. Kigae kikishapakwa gundi husimamishwa kwenye beseni la mchanga mpaka kishike. Beseni la Leftheris halikuguswa na mtu. Alidai mchanga mpya haujui kazi. Wiki iliyopita, alipokwenda kwa daktari wa meno, tuliumwaga ili mrithi wake apate beseni safi. Ilitoka miwani aliyokuwa akimsingizia mfagiaji kuwa ameipoteza. Kikatoka na kigae, chenye mnyiri uliojikunja vizuri.

Aliporudi alikitazama, shavu limevimba. Kisha yeye anayetukataza kubeba kigae bila trei akakishika kiganjani, akashuka ngazi hadi ghala la Bi Rodanthi. Sote tulijikuta na shughuli ngazini.

"Rodanthi, hukukitupa," alisema. "Nilikizika mwenyewe. Nisamehe."

Rodanthi alikigeuza kigae kwenye mwanga, muda mrefu kuliko tulivyoweza kuvumilia. Alimkumbusha kwamba alimchekechesha mlima mara mbili. Halafu akaimwaga themosi kwenye chungu cha maua.

"Haya, kachemshe kahawa. Na usiongeze sukari ya kunibembeleza."

Mzee Leftheris, asante kwa kila chombo kilichosimama tena kwa mikono yako, na kwa makaripio yote, ambayo mengi tuliyastahili. Nenda kwenye mizeituni yako, tunakuombea afya na siku nyingi za furaha. Ila Jumatatu uje kwanza. Kigae kiko mezani, mrithi wako amekataa kukigusa, na Bi Rodanthi ameacha themosi nyumbani.