Mwalimu wa Halaiki na Siku ya Wachimbaji

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Mstari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, kitinda mimba wa fundi viatu. Alisoma shule ya msingi ya reli, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1959.

Jamhuri ilipozaliwa, alikabidhiwa halaiki ya watoto wa shule. Wengi wao hawakuelewana hata lugha. Akawafundisha kusimama uwanjani wakaunda tarakimu za mwaka wa uhuru. Mara ya kwanza alizielekeza upande wa wananchi, kwa hiyo jukwaa kuu likauona mwaka huo miguu juu. Alipohojiwa alijibu, "Wananchi ndio wengi, mheshimiwa." Kicheko kikamwokoa.

Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya tarehe 9 Agosti, Siku ya Wachimbaji, ya kuwakumbuka wagomaji wa mgodini waliopigwa risasi na askari wa mkoloni. Majina yalisomwa, na kwa kila jina mtoto mmoja alilala kwenye nyasi. Mwaka 1966 alimwoa binti wa mmoja wa wachimbaji hao.

Mwaka 1979 sikukuu hiyo ilifutwa, ikaunganishwa na Siku ya Uhuru. Ofisa wa sherehe akamwita.

"Mwalimu, safari hii watoto wasilale. Wageni watadhani tuna msiba."

"Sasa wafanye nini?"

"Wacheze."

Wakacheza. Jioni alirudi nyumbani na nishani kifuani. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, alimwuliza, "Baba yangu kacheza vizuri leo?" Mama huyo hakukanyaga tena uwanjani.

Alistaafu mwaka 1993. Tangu hapo alizunguka shule akiomba watoto walale japo kidogo, kila tarehe 9 Agosti. Mwalimu mkuu mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, alimwamkia kwa adabu zote, kisha akasema, "Lakini siku hiyo tuna mitihani, mwalimu." Maji yalikwisha kumwagika.

Kiharusi kilimpata Januari 2021. Siku za mwisho alimwambia mkewe, "Ningekataa siku ile, mama."

"Ndiyo, ungekataa. Haya, meza dawa."

Mkewe alimshika mkono lakini. Mwalimu alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni mwaka huohuo.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na watu wazima wengi, huenda hata baadhi yenu mlio hapa, waliocheza siku ile utotoni bila kuambiwa wamesimama mahali pa nani. Mungu amjalie mwalimu wetu pumziko la amani.