Marehemu Farquhar Gunn, Seremala wa Fimbo Saba

Tunayemsindikiza leo, Mzee Farquhar Gunn, alizaliwa tarehe 11 Februari 1931 hapa hapa Inverlossie, pwani ya Sutherland, katika nyumba ya pili kutoka kanisani. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Angus Gunn, mfugaji wa kondoo, na marehemu Bi. Henrietta. Siku hiyo theluji ilimzuia mkunga kufika, hivyo mama yake akazalishwa na jirani aliyekuwa ameacha mkate kwenye joko na hakutaka uungue. Mama alipenda kusema kwamba mtoto yule alizaliwa kwa haraka na hakupunguza mwendo tena.

Wasifu huu unasomwa na Rhona, mpwa wake. Mjane wa marehemu, Bi. Marsaili, alipoombwa ruhusa ya kuuandika alitoa sharti moja: "Msimpambe. Mkimpamba, watu watadhani tunazika mtu mwingine." Basi hatutampamba.

Marehemu alianza shule ya msingi ya Inverlossie mwaka 1936 na kuimaliza mwaka 1945. Hesabu alizijua, mwandiko wake ulikuwa mzuri, ila kukaa kitini ndiko kulikomshinda. Uwanja wetu wa gofu, kama mnavyojua, uko nyuma tu ya ukuta wa shule, na kondoo wa ukoo wa Gunn wana haki ya kula majani yake tangu enzi za mababu. Kila alasiri alitumwa kuwaswaga warudi nyumbani, na kila alasiri walichelewa. Baba yake alikwenda siku moja kuona kulikoni, akawakuta kondoo wamelala na mwanawe anapiga mpira kwa fimbo ya gofu iliyokatwa ya mjomba wake. Alikuwa na miaka saba. Mzee Angus hakumchapa. Alimwambia tu, "Piga tena, nione kama kuna sababu." Alipiga tena, na tangu hapo kondoo wale waliruhusiwa kuchelewa.

Mwaka 1945 aliingia kazini kwa fundi Hosack kujifunza useremala. Mwaka 1949 alichukuliwa jeshini kwa miaka miwili, na mwaka 1956 akafungua karakana yake mwenyewe, iliyodumu hadi alipostaafu mwaka 1996. Milango ya ukumbi mtakamokunywa chai baadaye ni kazi yake. Kama ilivyo kwa kila seremala wa kijiji hapa kwetu, ndiye pia aliyetengeneza majeneza, na si wachache kati ya majirani zake wapya huko chini wamelala katika mbao alizozipiga randa yeye. Majira ya baridi alikarabati fimbo za gofu za wilaya nzima. Hakuwahi kupokea tuzo ya fedha kwa kucheza. Aliposhawishiwa ujanani aende kusini akawe mchezaji wa kulipwa, alijibu kwamba jambo analolipenda hawezi kulifanya kwa amri ya saa.

Alikuwa na mawazo mengi juu ya mchezo huo, na aliyaandika nyuma ya kadi za matokeo. Bi. Marsaili amezikuta kadi zaidi ya mia tatu katika kopo la misumari. Kuhusu vifaa aliandika hivi: "Fimbo saba zinatosha. Ya nane ni kisingizio." Na tena: "Abadiliye fimbo kila mwaka ni sawa na abadiliye kioo akitumaini uso utabadilika." Viwanja vyenye miti hakuvipenda hata kidogo; aliviita bustani zilizopotea njia. Uwanja wa kweli, kwake, ni ule ambao upepo ndio mwenyekiti na kondoo ndiye mfyekaji, kwa kuwa kondoo haombi likizo. Na kuhusu namna ya kucheza, kadi moja ya mwaka 1971 inasema: "Mpira ukilala pabaya, upige palepale ulipolala. Usiulize kwa nini mimi. Piga, tembea, nyamaza." Kupiga na kutembea aliviweza kuliko mtu yeyote hapa kijijini.

Tarehe 7 Juni 1958 alifunga ndoa na Marsaili Bannerman katika kanisa hili hili. Msimamizi wake alikuwa Torquil Bannerman, kaka wa bibi harusi, mvuvi, rafiki yake tangu darasa la kwanza na mwenzake wa gofu kila Jumamosi. Asubuhi ya harusi wawili hao walicheza mashimo yote tisa kisha wakaingia kanisani na mchanga viatuni. Bi. Marsaili aliutazama mchanga ule, akamgeukia mchungaji, akasema, "Endelea tu, mchungaji. Nilijua tangu mwanzo naolewa na wawili." Mungu aliwajalia watoto wawili, Lachlan mwaka 1960 na Ishbel mwaka 1963.

Kwa miaka thelathini Jumapili ya nyumba ile haikubadilika. Uwanja hufungwa siku ya Bwana, kwa hiyo baada ya ibada Bwana Torquil alikuja kula, na juu ya supu ya shayiri shemeji wawili waliucheza upya mchezo wa jana, shimo kwa shimo, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Sisi watoto tulijua mpira wa nani uliangukia kijitoni kabla hatujajua Zaburi ya ishirini na tatu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo Bi. Marsaili hakutaka lifichwe.

Mwaka 1985 winchi ya mashua ilimvunja Bwana Torquil bega. Lilipona vibaya. Mipira yake ikawa mifupi, na shimo la nne, lenye kijito katikati, likawa halivukiki kwake. Hakulalamika. Alikwenda Inverness kimyakimya akanunua fimbo ya aina mpya wakati ule, nyepesi, yenye kichwa kikubwa cha chuma badala ya mbao. Tarehe 2 Aprili 1988, siku ya kufungua msimu, wanachama wote wakiwa wamesimama pale pa kuanzia, aliitoa kwenye mfuko wake.

Marehemu aliitazama, akasema kwa sauti ya karakana, "Shemeji, umekuja kucheza au kupika uji? Hiyo si fimbo, ni sufuria."

Watu walicheka. Walicheka sana, na baadhi yao wako hapa. Bwana Torquil aliirudisha fimbo mfukoni, akafunga kamba, akaenda nyumbani. Jumapili iliyofuata hakuja kula. Hakuja pia ile iliyofuata.

Marehemu alijua amekosa, Bi. Marsaili anashuhudia kwamba alijua kabla ya siku ya tatu. Alijua bega lile lilivyouma, maana ndiye aliyembeba Torquil kutoka bandarini. Lakini kujua ni kitu kimoja na kufungua mdomo ni kingine, na mtu huyu alizoea kunena kwa mikono. Alijifungia karakanani wiki tatu akatengeneza fimbo mpya kwa ajili ya shemeji yake, mpini mwembamba, kichwa cha mbao kilichotobolewa ndani ili kiwe chepesi, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Akampa mkewe aipeleke.

Ilirudi jioni ile ile. Bi. Marsaili aliiweka mezani.

"Amesemaje?" marehemu akauliza.

"Amesema asante, hana shida ya kuni."

"Kuni? Ile ni kazi ya wiki tatu."

"Farquhar, umemcheka kwa kuacha mbao, kisha unamwomba msamaha kwa mbao. Umemtukana mara mbili, na mara ya pili umepiga na vanishi."

Ilipita miaka kumi na mmoja. Nyumba zao zilitenganishwa na nyumba nne, na kila Jumapili Bi. Marsaili aligawa supu vyungu viwili, kimoja akakibeba mwenyewe kupita milango ile minne, mvua au upepo. Hakuwahi kuwasuta. Dada alibaki dada na mke alibaki mke, na aliyechakaa katikati alikuwa yeye. Marehemu alicheza peke yake. Tunaweza kumsifu kwa mengi leo, ila si kwa miaka hiyo.

Mwaka 1998 mikono yake ilianza kutetemeka, na Novemba mwaka huo madaktari wakathibitisha kwamba ni ugonjwa wa Parkinson. Aliupokea kwa utulivu na aliendelea kwenda uwanjani. Lakini msimu mpya ulipoanza, kila mpira alioupiga shimo la nne uliangukia kijitoni. Jumamosi moja alipiga mitano, yote ikazama, naye akasimama ukingoni muda mrefu. Aliporudi alimwambia Ishbel, "Kumbe ndivyo ilivyo." Kisha akaenda kulala.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 15 Mei 1999, alivaa koti la kanisani akapita milango minne. Bi. Marsaili alimfuata kwa nyuma, naye ndiye anayetupa maneno haya.

Bwana Torquil alifungua. "Umepotea njia?"

"La. Nimekuja kuazima sufuria."

"Ya kupikia nini?"

"Ya kuvukia kijito. Mikono imekwisha, Torquil." Akaionyesha. "Nilijua bega lako linauma. Nilijua, na bado nikakucheka mbele za watu. Fimbo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu."

Bwana Torquil aliitazama mikono ile ikitetemeka.

"Miaka kumi na mmoja," akasema, "kutembea nyumba nne."

"Nina kichwa kigumu."

"Kigumu kuliko mbao zako. Ngoja nivae viatu."

Kuanzia siku hiyo walicheza kwa mtindo wetu wa zamani wa wawili mpira mmoja, mmoja akipiga, mwenzake akifuata pale mpira ulipolala. Fimbo ya chuma iliingia katika mfuko wa marehemu, na ili zibaki saba alitoa moja yake ya mbao akafungia nayo mlango wa banda la kuku. Mwenye bega bovu alimwachia mwenye mikono mibovu mpira mchangani, naye alimrudishia majini. Walikuwa na sharti moja tu, kwamba hakuna kuombana radhi uwanjani. Bwana Torquil alisema radhi yote waliyokuwa nayo waliimaliza siku ile mlangoni. Katika mashindano ya klabu ya wawili wawili walishika mkia miaka mitano mfululizo, na katika maisha yake yote hatukuwahi kumwona mzee huyu akiwa na furaha kiasi kile. Chungu cha pili cha supu kilirudi kabatini.

Mwaka huu ugonjwa ulimzidi. Alitembea kwa shida, kula kwa shida, lakini kila Jumatano hali ya hewa ikiruhusu walicheza mashimo machache. Jumatano tarehe 8 Septemba 2004 walifika shimo la saba. Ilikuwa zamu ya marehemu. Alipiga, na mpira ukasimama hatua sita kutoka shimoni. Mvua ikaanza, naye akawa amechoka hawezi kusimama. "Tuuache," alisema. "Kesho utamalizia wewe." Bwana Torquil alichomeka kijiti cha mti kando ya mpira, wakarudi nyumbani wameshikana mikono.

Alhamisi tarehe 9 Septemba, saa moja na nusu asubuhi, marehemu alifariki akiwa ameketi kwenye kiti chake, kiatu kimoja kikiwa mguuni na Bi. Marsaili akimfunga kamba ya cha pili. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, Bi. Marsaili; mwana, Lachlan, na mkewe Odette, wa Nova Scotia, Kanada; binti, Ishbel, wa hapa Inverlossie; wajukuu watatu, Fearghas, Catriona na Mirren; na dada mmoja, Bi. Williamina, mama wa anayesoma. Orodha ya watakaoshika kamba za kumshusha kaburini aliiandika mwenyewe mwezi Juni kwa penseli ya useremala. Kamba ya kichwani ni ya Lachlan. Ya miguuni, ambayo kwa desturi ni ya ndugu wa damu, ameandika: Torquil Bannerman, ndugu.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, mchungaji na majirani wote. Inawashukuru kwa namna ya pekee wanachama wa klabu. Tangu Alhamisi hakuna aliyeugusa mpira ule wa shimo la saba. Mmeupita kando, mfyekaji amefyeka kuuzunguka, na waliowaswaga kondoo mbali nao kwa zamu, hata siku ya Bwana, wanajijua.

Baada ya maziko, kabla ya chai, mnaombwa nyote kutembea hadi pale. Bwana Torquil atapiga mara moja. Hajafanya mazoezi na bega linamsumbua, hivyo tusitarajie makubwa. Uingie au usiingie, mchezo utakuwa umekwisha na tutakwenda kunywa chai.

Pumzika kwa amani, Mzee Farquhar. Zamu si yako tena.